Tulivyokwenda Molo Kuamua Rangi ya Majani

Wenzangu wa kitaluni, mmenichosha. Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua miche ananiuliza, "Wairimu, ni kweli ulibeba wazee wawili mpaka Molo kwenda kuangalia majani?" Ni kweli. Na kwa kuwa kila mmoja wenu amesikia kipande chake, na kile kipande cha fahali kimeshafika Subukia kikiwa na pembe ndefu kuliko zile nilizoziona mimi, naona afadhali niandike yote mara moja, msome, mnyamaze.

Kwanza wale msiojua chanzo. Baba yangu, Kamau, na mdogo wake, Anko Njoroge, walifanya kazi utotoni kwa mzungu mmoja ng'ambo ya Molo. Baba alitangulia, kisha akamleta Anko ashike nafasi yake. Uani pale kulikuwa na mti ulioletwa kutoka nchi za baridi, mzungu akiuita mepo. Miaka mitatu iliyopita, kwenye harusi ya binamu yangu, mtu alipitisha simu yenye picha ya mti kama huo ulioko Kanada, mwekundu kama nyanya iliyoiva.

"Huu ndio ule wetu," Baba akasema. "Ulikuwa mwekundu hivi hivi."

"Ulikuwa njano," Anko akasema.

Baba akacheka. Anko akasimama, akasema mbele ya wakwe, "Wewe Kamau ni muongo tangu zamani," akachukua kofia yake, akaenda zake kabla ya keki kukatwa.

Watu walicheka sana siku ile. Mimi pia nilicheka. Lakini Anko hakukanyaga tena kwetu Bahati, na Baba naye akasema hawezi kumfuata mtu aliyemtukana kwa sababu ya majani. Januari hii nikasikia Anko anahama mtaa wake wa Free Area, Nakuru, anaenda kuishi kwa mwanawe Kitale, na si kutembea, ni kuhama. Mmoja ana miaka sabini na tisa, mwingine sabini na mitano. Nikajua wakiachana hivyo, watakutana tena kwenye mazishi, na mmoja wao hatakuwa anasikia. Basi nikamwambia kila mmoja kivyake: twende tukauone huo mti, atakayeshindwa aombe msamaha. Wote wawili walikubali upesi, maana kila mmoja alijua ameshashinda.

Bahati hadi Free Area

Tulitoka Bahati saa moja asubuhi na pikapu yangu, ile mnayoijua, nikiwa nimeishusha miche yote. Baba alibeba flaski ya chai na mkate. Tulipofika Free Area tulimkuta Anko amesimama langoni amevaa suti, tai, na gambuti.

"Anko, suti ya nini?"

"Nikienda kutoa ushahidi, nivae vizuri."

"Na gambuti?"

"Molo unaijua wewe?"

Shida ya kwanza ikawa viti. Pikapu ina nafasi ya watu watatu mbele, na wa katikati anakalia gia. Anko alisema yeye ana suti. Baba alisema yeye ni mkubwa. Tulisimama pale dakika ishirini, majirani wakitutazama na vikombe vyao vya chai, hadi Baba akaingia katikati akilalamika kwamba amekubali kwa sababu ya muda tu. Kutoka hapo walikaa bega kwa bega, nguo zikisuguana, na hawakuzungumza ila kupitia kwangu.

"Wairimu, mwambie baba yako asogeze goti."

"Wairimu, mwambie huyo kwamba hili goti halikunjiki zaidi ya hapa. Kama hataki, amuulize daktari."

Anko naye alikuwa amebeba viazi vitamu vya kuchemsha kwenye karatasi. Nilidhani chai ya mmoja na viazi vya mwingine vingewapatanisha. Wapi! Baba hakugusa viazi, Anko hakugusa chai. Kila mmoja alinipitishia mimi chakula chake kwa fahari, akihakikisha mwenzake anaona ninavyofurahia. Kabla hatujafika Salgaa nilikuwa nimekula kwa niaba ya watu watatu.

Salgaa hadi Sachangwan

Kwenye mpando tulikuta magari yamesimama. Lori la kabichi lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, na kabichi zingine zilikuwa zimeshuka mlima zenyewe. Tulikaa pale saa mbili na zaidi.

Mnajua watu wakikwama barabarani wanavyokuwa. Kwanza wanakasirika, halafu wanaanza kuzungumza. Dereva mmoja wa trela alikuja kuegemea dirisha langu.

"Sasa mathe. Mnapeleka wazee hospitali?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaita wenzake. Punde si punde kulikuwa na kundi limezunguka pikapu, na mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma naye akaingilia. Wakapiga kura. Karibu wote walisema nyekundu, lakini mama wa mahindi alisimama na njano peke yake kama mwamba.

"Jani likizeeka linakuwa njano," akasema. "Nimeona ndizi, nimeona mahindi, nimeona maharagwe. Hiyo nyekundu mnatoa wapi?"

Anko alishuka garini kwa mara ya kwanza siku ile, akanunua mahindi matatu, akampa mkono yule mama kwa heshima kama mtu anayempongeza mbunge. Dereva wa trela alimgeukia Baba. "Boss, wewe umepata wapi hii nyekundu?"

"Nimeiona kwa macho yangu. Misimu miwili."

"Na wewe mzee?"

"Mimi pia nimeona kwa macho yangu. Misimu miwili."

"Basi mmoja wenu anahitaji miwani," dereva akasema, na watu wakaangua kicheko. Hata Baba alitabasamu. Anko hakutabasamu. Hapo nilimtazama vizuri, nikaona uso wake haukuwa wa mtu anayebishana kwa mchezo. Nikaanza kujiuliza kama kweli ni majani tunayoyafuata.

Lori liliposukumwa kando tukapanda hadi Sachangwan. Pale Baba alivua kofia, kwa ajili ya wale watu walioteketea lori la mafuta liliposhika moto, na nilipogeuza macho kidogo niliona Anko amevua yake pia, wakati ule ule. Hawakuambiana. Walizirudisha kichwani baada ya mlima, wakaendelea kununiana.

Molo

Molo tuliingia saa nane mchana, kwa baridi kama ya asubuhi. Tulikula supu ya kondoo na chapati katika hoteli ndogo iliyojaa moshi, na nawaambia wenzangu, kondoo wa Molo asiliwe na mtu mwenye haraka. Wazee walikunywa bakuli mbili mbili. Halafu tukaanza kuuliza njia, maana barabara walizozikumbuka wao zilikuwa zimegeuka mashamba, na mashamba yamegeuka majumba ya ghorofa.

Niliuliza wanaume watatu. Hakuna aliyejua. Mwishowe nikamwendea mwanamke aliyekuwa ameketi juu ya gunia la viazi.

"Mama, tunatafuta mepo."

Uso wake ukang'aa. "Mepo! Si mngesema mapema. Mepo anajulikana na kila mtu. Mfuate hii barabara ya vumbi mpaka kwa kanisa la mabati ya buluu, mkate kulia, mshuke mto, mpande, muulize kwa Mama Chebet." Akainuka kuchungulia nyuma ya pikapu. "Lakini mbona mmekuja mikono mitupu?"

Nilidhani anamaanisha zawadi. Nikarudi dukani nikanunua sukari, majani ya chai na mkate.

Kwa Mepo

Kilomita tisa za vumbi, na mto ambao Anko alivuka kwa miguu akituonyesha mawe, kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa na gambuti. Alifurahia sana jambo hilo. Tulifika kwa Mama Chebet jua likianza kulegea. Ni mama wa miaka kama hamsini na tano, mrefu, amevaa sweta mbili na leso. Tulisalimiana, nikampa sukari na majani ya chai. Alishangaa, akashukuru, akatuangalia, akaangalia pikapu.

"Sasa ng'ombe yenu iko wapi?"

"Ng'ombe gani, mama?"

"Si mmekuja kwa Mepo?"

"Ndiyo. Tumetoka Nakuru kwa sababu yake."

"Basi atapanda nini? Hii gari?"

Ndipo tukasikia mkoromo nyuma ya boma. Alitoka pale fahali mweusi na mweupe, mkubwa kama chumba, mwenye pembe fupi nene, akatutazama kama mtu aliyeamshwa. Huyo ndiye Mepo. Watu wanaleta ng'ombe wao kutoka mbali ili wapandwe naye.

Baba alicheka hadi akashikilia mlango wa gari. Anko alijaribu kujizuia, akageuza uso, lakini mabega yakamsaliti. Nilipomweleza Mama Chebet tulichokuwa tunatafuta, yeye alicheka kuliko wote, akajipiga mapaja. "Wazee wametoka Nakuru na suti kuja kuona bwana harusi!"

Kisha akafuta macho. "Lakini hamkupotea. Nimemwita Mepo kwa sababu alizaliwa chini ya huo mti. Uko kilima cha pili. Leo giza litatupata njiani. Mlale, kesho nitawapeleka mwenyewe."

Alitulisha ugali, sukuma na mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye unga wa mkaa ndani. Baba alidhani yameingia uchafu, akawa anayachuja kwa meno kwa adabu kubwa. Kulala, mimi nilipewa kiti kirefu cha sebuleni. Wazee walipewa kitanda kimoja na blanketi mbili. Nilisikia sauti moja tu kutoka chumba kile, ya Baba: "Wairimu, mwambie huyo avue gambuti."

Chini ya mti

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na mbingu haina wingu. Mama Chebet alisema wamekuwa na wiki nyingi za namna hiyo, jua kali mchana na usiku baridi ya kukata masikio. Tulitembea taratibu. Nyumba ya mzungu ilikuwa bado ipo, sasa ni ghala la viazi. Na kando yake ulikuwa mti.

Wenzangu, nimeshika miche miaka kumi na minane, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Tulikuja upande wa mashariki, jua likiupiga usoni, na mti mzima kutoka kileleni hadi chini ulikuwa mwekundu. Mwekundu kama makaa yaliyopulizwa. Baba aliinua mikono yote miwili.

"Haya! Haya! Nilisema nini?"

Anko akaanza kuuzunguka mti, taratibu, mkono mmoja umeshika tai. Akapotelea upande wa pili, ambako miti mirefu ya misaiprasi huziba jua kutwa. Tukasikia sauti.

"Kamau! Njoo hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kumwita kwa jina. Baba alikwenda, sisi tukamfuata. Upande ule majani yalikuwa njano, njano safi kama kiini cha yai la kienyeji, na matawi ya chini kabisa yalikuwa bado kijani, kwa maana mti huu huku kwetu haujui vizuri ni mwezi gani.

"Ni jua," Mama Chebet akasema. "Panapopigwa na jua panakuwa pekundu. Kivulini ni njano. Kila mwaka naona."

Nilishusha pumzi. Nikasema, basi, mmoja alifanya kazi upande huu, mwingine upande ule, mmeshinda wote, tushikane mikono. Baba alikuwa ameshanyoosha wake.

"Hapana," Anko akasema. "Mimi miaka yangu ulikuwa njano wote. Hata upande wa jua. Niliuzunguka huu mti kila asubuhi. Kila asubuhi."

"Kwa nini ulikuwa unauzunguka, mzee?" Mama Chebet akauliza.

Anko alimtazama yeye, si Baba, akazungumza polepole. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Huyu alinileta hapa, akakaa nami wiki mbili, akaniambia anaenda Nakuru kutafuta kazi. Nililia. Nikamuuliza atanijia lini. Akaniambia, 'Huu mti ukiwa mwekundu, utaniona.' Basi nikangoja. Majani yakaanza kubadilika, nikawa naamka kabla ya wengine kuja kutazama. Yakawa njano. Yakaanguka. Mwaka wa pili, njano. Yakaanguka. Nikajua alinidanganya ili ninyamaze. Alichagua rangi ambayo mti hauna."

Mimi ni mtoto wa Kamau miaka hamsini na mmoja na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilimtazama Baba, nikaona naye ni kama anaisikia upya.

Mama Chebet ndiye aliyetuokoa. "Mzee, hiyo miaka yako, Januari ilinyesha?"

Anko alifikiri. "Ilinyesha sana. Mvua ilipitiliza Krismasi. Tulichimba mitaro mpaka viazi vikaoza."

"Eeh. Basi haungekuwa mwekundu. Mwaka wa mawingu huu mti hautoi jani jekundu hata moja. Juzi juzi tumekuwa na mwaka kama huo, ukawa njano kote, upande huu na ule."

Hapo nikakumbuka ninachokijua mwenyewe, maana hata mti wa mutundu wa kwetu Bahati hugeuza majani yake ya zamani rangi ya chungwa, na niliwahi kumuuliza mwalimu wa kilimo sababu yake. Njano imo ndani ya jani tangu siku linapochipuka, ila kijani huifunika. Mti ukiacha kulilisha jani, kijani hufa, njano ikaonekana. Nyekundu ni jambo jingine. Haikuwemo. Jani huitengeneza mwishoni, kwa sukari iliyobaki ndani yake, na kuitengeneza linahitaji jua la mchana na baridi ya usiku. Likikosa jua, linabaki na ile njano yake ya siku zote.

Nilikuwa nawaeleza hivyo, Anko ananisikiliza kama hakimu, mkono wake ukiwa kwenye tawi lililokuwa mpakani, pale jua linapokutana na kivuli. Palikuwa na majani mawili yaliyolaliana. Aliliinua la juu. La chini lilikuwa jekundu pembeni kote, na katikati, pale lilipokuwa limefunikwa na mwenzake, kulikuwa na umbo la jani, ncha zake zote, limechorwa kwa njano. Jani moja, rangi mbili.

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa umbo lile.

"Kwa hivyo hakunidanganya," akasema.

Baba angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa ameshashinda kesi. Alivua kofia, akaja karibu.

"Kuhusu mti sikukudanganya, Njoroge. Nilikuwa nimeuona mwekundu mara mbili, nikadhani ndivyo ulivyo kila mwaka. Lakini hata ungekuwa mwekundu, nisingekuja. Sikuwa nimepata kazi. Nilikuwa nalala kwa watu, nikaona haya kurudi mikono mitupu. Na nilipopata kazi, nikaona haya kwamba nimechelewa. Nilikuacha. Nisamehe."

Anko alitikisa kichwa mara nyingi, kama anayekataa na kukubali kwa pamoja. Kisha akasema kwa ukali, "Ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba!" Akageuka kwangu. "Wairimu, umesikia? Miaka yote hii nimemkasirikia mtoto."

Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, akamshika Baba mabegani kwa mikono miwili, wakasimama pale paji kwa paji, kofia zimeanguka. Mama Chebet alinishika mkono akanivuta tukaangalie ghala la viazi, ambalo halikuwa na cha kuangaliwa.

Tuliporudi walikuwa wamekaa chini kwenye majani, suti na yote, wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu jina la mbwa wa mzungu.

Molo hadi Salgaa

Njia ya kurudi sina malalamiko ila moja, kwamba sikupata nafasi ya kusema neno. Anko mwenyewe alikaa katikati, juu ya gia. Waliimba nyimbo za kanisani za zamani, wakasahau maneno, wakatunga mengine. Kila kilima walikikumbuka, na kila mmoja alimrekebisha mwenzake, na hakuna aliyetaka mimi nipeleke ujumbe.

Salgaa tulisimama kula. Chapati, maharagwe, chai ya maziwa. Dada aliyetuhudumia alikuwa mchangamfu, na nadhani alivutiwa na ile suti iliyojaa vumbi na majani makavu mgongoni.

"Karibuni wazee. Mnatoka mbali?"

"Molo," Baba akajibu.

"Molo mlikuwa na sherehe?"

Baba aliweka mkono wake juu ya kichwa cha Anko, kile kichwa chenye mvi tupu, jinsi mtu anavyomshika mtoto sokoni asipotee.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Nilienda kumchukua."

Anko aliinama juu ya sahani yake. Akasema, bila kuinua macho, "Dada, mwongezee huyu maharagwe. Ametembea sana."